Namna mkondo wa ziwa Tanganyika ulivyompoteza David Livingstone

Mwezi wa Februari 1869, David Livingstone alifika pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika akiwa mgonjwa sana wa mapafu. Alibebwa katika msafara wa mfanyabiashara Mohamad Bogharib hadi mdomo wa mto Lufuko, upande wa Mpala, kaskazini mwa Kirungu. Hapo akapanda mtumbwi, na tarehe 14 Machi akafika Ujiji.

Mganga huyo, aliyezaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Scotland, na kufanya kazi ya kiwanda cha pamba tangu utoto, alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile. Akiwa Ujiji aliona majani ya maji yakielea polepole kuelekea kaskazini. Akafikiri kwamba ziwa linatoka kwa mto Rusizi na kupeleka maji yake Nile.

Lakini kilichosukuma maji yale ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo mkali wa kusini unapeleka maji ya juu, yenye joto, upande wa Uvira na Bujumbura. Kusini, upande wa Mpulungu, maji baridi yanapanda kutoka chini kujaza nafasi, yakileta chakula kinacholisha ndakala. Upepo ukipungua, maji ya joto yanarudi kusini, na ziwa linayumba kama maji ndani ya beseni. Maji ya juu yanaweza basi kwenda kaskazini bila mto wowote kutoka huko.

Novemba 1871, Livingstone alikwenda Rusizi pamoja na Henry Morton Stanley. Walikuta mto unaingia ziwani. Badala ya kurudi Ulaya na Stanley, alibaki akitafuta Nile kwa njia ya Lualaba. Alikufa Mei 1873 kwa chifu Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, walibeba mwili wake hadi pwani ya bahari.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alionyeshwa Lukuga, penye mji wa Kalemie leo. Ndiyo njia pekee ambamo ziwa linatokea. Maji yake yanakwenda magharibi, yanaingia Lualaba, na kufika mto Congo, si Nile.