Tabibu Ibn Zuhr na Mbuzi Wake

Abu Marwan Ibn Zuhr, Mwislamu wa ukoo wa matabibu, alizaliwa Seville katika Andalusi, Hispania ya leo. Zama zake, aliyevimba koo aliweza kufa kwa kukosa pumzi, na matabibu walihitilafiana: je, njia ya hewa ikikatwa hupona? Ibn Zuhr hakuanza kwa binadamu. Alimtoboa mbuzi njia ya hewa, akaliosha jeraha kwa maji ya asali mpaka likapona, na mbuzi akaishi. Aliyaandika hayo katika At-Taysir. Alifariki mwaka 1162.

Leo daktari wa usingizi akishindwa kabisa kumpitishia mgonjwa hewa mdomoni, shingo hutobolewa ili apumue.

Ndugu wanafunzi, roho ya mtu ni amana, haiguswi kwa kubahatisha. Allah amrehemu. Amin.