Maisha ya Daktari Hugh Trowell na Funzo Lake kwa Mwalimu

Mwalimu anayefundisha habari za moyo na mishipa ya damu hupenda kuanza na mchoro ubaoni. Mchoro ni chombo chema, lakini hauwaonyeshi watoto jinsi wanadamu walivyoyapata maarifa hayo. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwapa walimu wanafunzi maisha ya daktari mmoja aliyefanya kazi Afrika Mashariki, ili wapate kuona kuwa elimu huanza kwa kutazama, kuhesabu na kuandika.

Hubert Carey Trowell, aliyejulikana zaidi kwa jina la Hugh, alizaliwa mwaka 1904. Alisomea udaktari London, na mwaka 1929 akaja Kenya kuwa daktari wa serikali ya kikoloni. Mwaka huo huo daktari mwingine aliyefanya kazi Kenya, C. P. Donnison, alitangaza matokeo ya kuwapima shinikizo la damu wanaume wapatao 1,000 wa magharibi ya nchi hiyo. Huko Ulaya shinikizo lilizidi kupanda kadiri mtu alivyozeeka. Kwa wanaume hao halikupanda, bali baada ya umri wa miaka 40 lilielekea kushuka. Kwa nini iwe hivyo? Trowell aliishi na swali hilo kwa miaka 50.

Mwaka 1935 alihamia Uganda, akawatibu wagonjwa katika hospitali ya Mulago na kuwafundisha vijana waliosomea udaktari Makerere. Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya chuo hicho. Siku hizo Tanganyika haikuwa na chuo chake cha madaktari, na vijana wetu waliotaka kazi hiyo walikwenda huko huko Makerere.

Tabia ya mtafiti huyu inaonekana vizuri katika habari ya kwashiakoo. Aliwaona watoto waliovimba miguu, ngozi ikibambuka na nywele zikififia, akadhani ni pelagra, maradhi ya upungufu wa vitamini fulani. Akaandika hivyo mwaka 1937, kisha akawapa watoto dawa ya pelagra. Hawakupona. Trowell hakuilazimisha hali ya wagonjwa ikubaliane na maandishi yake. Aliyaacha mawazo yake ya kwanza, akatafuta upya. Mwaka 1954, yeye pamoja na Davies na Dean walitoa kitabu kikubwa kuhusu kwashiakoo, wakieleza kuwa ni ugonjwa wa lishe duni.

Kwa upande wa moyo, aliweka kumbukumbu za magonjwa aliyoyaona na hata ya yale ambayo hakuyaona. Magonjwa ya mishipa inayolisha moyo, yaliyoua watu wengi Ulaya, yalikuwa adimu mno katika wodi za Waafrika. Ndiyo maana mwaka 1956 alipompata mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa huo, yeye na mwenzake waliandika taarifa yake katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki. Mgonjwa mmoja angeweza kuonekana si kitu; lakini kwa mtu aliyehesabu kwa miaka mingi, alikuwa dalili ya mabadiliko.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell alirudi Uingereza, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Baadaye alirejea kwenye utafiti akishirikiana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa pia Uganda. Mwaka 1975 walitoa kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula. Mwaka 1980 Trowell aliandika jinsi shinikizo la damu lilivyopanda kwa watu wa Kenya na Uganda kati ya mwaka 1928 na 1978. Alifariki mwaka 1989.

Miaka 50 haitoshi kubadili damu ya ukoo, ila yatosha kabisa kubadili chungu, chumvi na mwendo wa maisha. Hilo ndilo jambo kuu la kuwafikishia watoto, kwa kuwa linatuhusu sisi wenyewe. Katika miaka ya 1990 watu wazima walipimwa Dar es Salaam na wilayani Hai, mlimani petu hapa. Katika Hai zaidi ya robo yao walikuwa na shinikizo la juu. Kati ya wote waliokutwa nalo, wa mjini na wa shamba, waliokuwa wakijua hawakufikia mmoja kwa kila watano. Shinikizo hilo halina maumivu; mara nyingi jamaa hushtuka kiharusi kimekwisha mwangusha mtu, kisha husemwa amerogwa.

Basi mwalimu wa Njoro afundisheje? Kwanza, kila mtoto ahesabu mapigo ya mshipa wa mkononi kwa dakika moja akiwa ameketi, kisha baada ya kukimbia, na aandike hesabu zote mbili. Pili, watoto wawaulize babu na bibi walikula nini utotoni, walikwenda shule kwa miguu au kwa gari, na chumvi ilipatikanaje. Tatu, darasa lilinganishe majibu hayo na maisha ya leo, wala mwalimu asiharakishe kutoa jawabu. Mtoto asilazimishwe kutaja mbele ya wenzake ugonjwa wa nyumbani kwao. Huenda baba yake amelala kitandani nusu ya mwili ikiwa imepooza.

Somo likiisha, kila mtoto apewe ujumbe mmoja wa kupeleka nyumbani: wakubwa waende zahanati wakapimwe shinikizo, hata kama hawaumwi. Mwalimu naye atangulie kupimwa, ili maneno yake yapate uzito.