Wiley Post: Rubani wa jicho moja aliyefika juu kabisa, akafia chini

Ndege ikiwa futi 35,000, hewa ya nje ni nyepesi kiasi kwamba mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika moja. Wewe uko ndani unakunywa soda yako. Miongoni mwa waliofungua njia ya kuruka huko juu ni jamaa mmoja mwenye jicho moja.

Wiley Post alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1898. Ujanani alifungwa jela kwa unyang'anyi. Mwaka 1926, akiwa kibarua kwenye visima vya mafuta, kipande cha chuma kilimpiga, akapoteza jicho la kushoto. Fidia aliyolipwa, akanunua ndege!

Mwaka 1933 akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege peke yake. Alitumia siku 7, saa 18 na dakika 49.

Bado hakutosheka. Alitaka kwenda juu zaidi, ambako hewa nyepesi haiizuii sana ndege. Shida ni kwamba ndege yake, Winnie Mae, ilikuwa ya mbao, isingehimili kujazwa hewa. Akaamua hewa ijazwe kwenye nguo ya rubani.

Suti ya kwanza ilipasuka kwenye majaribio. Ya pili alinasa ndani, ikabidi waikate kumtoa. Ya tatu, yenye kofia kama ya mpiga mbizi, ikakubali. Septemba 1934 akafika futi 40,000 hivi juu ya Chicago. Huko juu ndiko alikokutana na mikondo ya upepo mkali ambayo ndege za abiria huitumia hadi leo.

Kumbe kifo kilimsubiri chini. Tarehe 15 Agosti 1935, Alaska, alikuwa na ndege iliyoungwa kutokana na ndege mbili tofauti, ikawekewa maboya makubwa ya kutua majini. Pua ilikuwa nzito mno. Injini ilizima mara tu baada ya kuruka, pua ikainama, ndege ikaanguka. Alikufa pamoja na mchekeshaji maarufu Will Rogers.

Mwaka 2004, hukohuko Marekani, marubani wawili walipandisha ndege ndogo ya abiria, bila abiria, hadi futi 41,000, mwisho wake kabisa. Kasi ikashuka, injini zote mbili zikazima, wote wakafa. Ndege ile iliruhusiwa kufika hapo, ila haikuwa na kasi ya kuibakiza hapo.