Lord Delamere: Mlowezi aliyepata hasara Njoro kabla ya kustawi Soysambu

HUGH Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza Aprili 28, 1870. Alifika nyanda za juu za Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1897, akiwa katika safari ya uwindaji kutoka Somalia.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro, eneo la mto utokao Milima ya Mau na kuingia Ziwa Nakuru. Shamba hilo aliliita Equator Ranch. Alileta kondoo na ng'ombe wa kigeni, lakini wengi walikufa kwa magonjwa na kwa kula nyasi zilizokosa madini. Wamaasai, waliojua ubaya wa malisho hayo, walikuwa wakiyaepuka. Alipogeukia ngano, ugonjwa wa kutu uliangamiza mavuno. Ndipo akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili kutu. Njoro ingali kitovu cha utafiti wa ngano.

Nafuu aliipata Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Hata hivyo, gharama yake ililipwa na wengine: mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa, nao walowezi wakayatwaa.

Delamere alifariki Novemba 13, 1931, akiacha madeni makubwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, sanamu yake iliondolewa jijini Nairobi, na barabara iliyobeba jina lake ikaitwa Kenyatta Avenue. Soysambu imebaki mikononi mwa ukoo wake, na suala la ardhi halikuzikwa pamoja naye.