Étienne-Louis Malus na neno lililoishi kuliko yeye

Étienne-Louis Malus alizaliwa Paris mwaka 1775, akafariki mwaka 1812 akiwa na miaka 36. Alikuwa mhandisi wa jeshi. Namwandika katika jarida la lugha kwa sababu alituachia neno ambalo sisi watafsiri bado tunahangaika nalo.

Mwaka 1798 alifuatana na jeshi la Bonaparte kwenda Misri. Huko Jaffa alishikwa na tauni. Alipona, lakini afya yake haikurudi kama zamani. Aliporejea Ufaransa mwaka 1801 aliendelea na kazi ya uhandisi, huku akichunguza mwanga.

Jioni moja mwaka 1808 alitazama madirisha ya jumba la Luxembourg, yaliyokuwa yakiakisi jua la machweo. Alitazama kupitia fuwele ya Iceland, ambayo huonyesha kitu kimoja mara mbili. Alipoizungusha, taswira moja ilififia na nyingine ikang'aa. Akajaribu tena kwa mshumaa ulioakisiwa na maji, akaona vilevile. Akatambua kwamba mwanga ulioakisiwa una pande. Kwa kuwa aliamini, kama Newton, kwamba mwanga ni chembe, alizifikiria chembe hizo kuwa na ncha kama sumaku. Ndipo akaiita hali hiyo polarizasio.

Mwaka 1810 Royal Society ya London ilimpa nishani ya Rumford, ingawa Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani. Miaka miwili baadaye kifua kikuu kikamuua.

Mwaka 1821 Fresnel alieleza kwamba mwanga ni mawimbi yanayotikisika kukingama na njia yake. Ncha za Malus zikaanguka, neno lake likabaki. Hata Einstein aliporudisha wazo la chembe mwaka 1905, ncha hazikurudi.

Leo neno hilo linafanya kazi ndani ya kiini cha atomu. Huko Grenoble watafiti waligonganisha mwanga wa leza wenye polarizasio na elektroni zenye kasi kubwa. Mwanga ulirudi nyuma ukiwa na nishati nyingi mno, bila kupoteza polarizasio yake. Fotoni hizo zilipopiga protoni, zilizaliwa chembe mpya ziitwazo mesoni. Watafiti walihesabu mesoni zilizotoka sambamba na mtikisiko wa mwanga na zile zilizotoka kwa kukingama nao. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili hufichua namna protoni ilivyosisimka kabla ya kuzaa, jambo ambalo idadi ya jumla pekee ingelificha.

Basi tuliiteje kwa Kiswahili? Wapo wanaopendekeza tulijenge juu ya neno ncha. Mimi napinga. Tukifanya hivyo, mwanafunzi wetu atazitafuta ncha ambazo hazipo. Tutakuwa tumetafsiri dhana iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Heri tukope sauti, tuseme polarizasio, kisha maana tuieleze wenyewe: mtikisiko wa mwanga uliopangwa upande mmoja.