Ferdinand Porsche: Mhandisi aliyemchorea gari kila mwenye fedha

JINA la Porsche leo hubandikwa kwenye magari ya mbio na ya kifahari ambayo wengi huishia kuyatazama tu yakipita. Hata hivyo, mzee aliyelianzisha jina hilo, Ferdinand Porsche, hakuwahi kutajirika kwa magari ya aina hiyo. Karibu maisha yake yote alikuwa mhandisi wa kuajiriwa, kisha akawa na ofisi ya kuchora mitambo kwa ajili ya viwanda vya wengine. Alichora kwa yeyote aliyeweza kulipa, na katika orodha ya waliomlipa yumo Adolf Hitler.

Alizaliwa Septemba 3, 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, kaskazini mwa Bohemia, eneo lililokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria na ambalo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Baba yake, Anton, alikuwa fundi bati, na alitaka mwanawe arithi karakana. Kijana alishinda karakanani mchana, na jioni akahudhuria masomo ya ufundi katika mji jirani wa Reichenberg. Kilichomvutia ni umeme. Akiwa na umri wa miaka 18 alikuwa tayari ameweka taa za umeme katika nyumba ya wazazi wake, jambo lililokuwa la ajabu kijijini hapo.

Mwaka huo huo wa 1893 alikwenda Vienna kufanya kazi katika kampuni ya vifaa vya umeme. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa akijipenyeza katika kumbi za chuo cha ufundi cha jiji hilo kusikiliza mihadhara bila ya kuandikishwa. Baadaye chuo hicho hicho kilimtunuku udaktari wa heshima, mwaka 1917, na ndiyo maana maisha yake yote ya baadaye aliitwa Daktari.

Ubunifu wake wa kwanza uliotikisa ulimwengu haukutumia petroli. Kwa kampuni ya Lohner ya Vienna, iliyokuwa mashuhuri kwa kuunda mabehewa ya farasi, alitengeneza gari lenye mota za umeme ndani ya magurudumu yenyewe ya mbele, bila mnyororo wala gia. Lilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900. Udhaifu wake ulikuwa betri za risasi, zilizokuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400. Porsche alijaribu kuutatua kwa kuongeza injini ya petroli ya kuzalisha umeme garini, wazo ambalo viwanda vya magari vingelirejea kwa kishindo karibu miaka 100 baadaye.

Mwaka 1906 alihamia Austro-Daimler, mjini Wiener Neustadt, akiwa mkuu wa ufundi. Alipenda mashindano, na mwaka 1910 alishinda mbio za Prinz Heinrich akiendesha mwenyewe gari alilolichora. Siku mwanawe Ferry alipozaliwa, Septemba 1909, baba alikuwa kwenye mbio za kupanda mlima Semmering. Lakini mbio ni ghali, na wakurugenzi wa fedha huchoka haraka. Aliondoka Austro-Daimler mwaka 1923 kwa ugomvi, akajiunga na Daimler ya Stuttgart, akaondoka huko pia baada ya kampuni hiyo kuungana na Benz. Kazi yake katika kiwanda cha Steyr haikudumu hata kidogo, maana mdororo wa uchumi ulikuwa umeshabisha hodi. Akiwa na umri wa miaka 55 alikuwa bingwa anayejulikana Ulaya nzima, lakini hana ajira.

Ndipo Aprili 1931 akasajili mjini Stuttgart kampuni ya kubuni na kutoa ushauri juu ya injini na magari. Haikuwa na kiwanda. Washirika wake walikuwa wawili, kila mmoja akiwa na asilimia 10 ya hisa: Anton Piëch, mwanasheria aliyemwoa binti yake Louise, na Adolf Rosenberger, dereva wa mbio na mfanyabiashara kutoka Pforzheim. Rosenberger ndiye aliyeshika uongozi wa biashara na kuitafutia kampuni fedha ilipokuwa haina kitu. Alikuwa Myahudi.

Mwanzoni mwa 1933 Rosenberger aliacha uongozi, na mwaka 1935 hisa zake zikachukuliwa kwa thamani iliyoandikwa kwenye karatasi tu, huku kampuni ikiwa tayari inapata faida nono. Mwaka huo huo alikamatwa na kutupwa katika kambi ya Kislau. Aliachiliwa, akakimbilia Ufaransa na hatimaye Marekani. Baada ya vita alidai haki yake, na mwaka 1950 akapewa mark 50,000 na gari moja. Alifariki California mwaka 1967, na kwa miongo mingi masimulizi rasmi ya kampuni yalimtaja kwa uchache sana.

Biashara ya Porsche yenyewe ilikuwa imenyooka. Juni 1934 alitia saini mkataba wa kubuni gari la wananchi, ambalo Hitler alitaka liuzwe chini ya mark 1,000. Wazo la gari dogo lenye injini nyuma, inayopozwa kwa hewa, halikuwa lake peke yake, kwani Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra alikuwa ameshalifanyia kazi. Porsche alilipa sura iliyodumu. Alichukua uraia wa Ujerumani, akajiunga na chama cha Nazi mwaka 1937, na akapewa cheo katika kikosi cha SS. Watetezi wake husema hakujali siasa. Pengine ni kweli, lakini mtu asiyejali siasa hakulazimika kuzifaidi kwa kiwango hicho.

Wananchi zaidi ya 330,000 walijiwekea akiba ya mark 5 kwa wiki wakisubiri gari hilo. Hakuna hata mmoja aliyelipata kwa mpango huo. Kiwanda kilichowekewa jiwe la msingi mwaka 1938, katika mji unaoitwa sasa Wolfsburg, kiligeukia magari ya jeshi na silaha. Katika miaka ya vita takriban watu 20,000 walifanyishwa humo kazi ya shokoa: raia waliokamatwa Poland na Urusi, wafungwa wa kivita, na wafungwa wa kambi za mateso ambao Porsche alisaidia kuwapata kwa ukaribu wake na wakuu wa utawala. Watoto wachanga wa wanawake hao walinyang'anywa mama zao na kupelekwa katika kituo cha kiwanda, ambako mamia walikufa kwa uchafu na kukosa matunzo. Daktari wa kituo alinyongwa baada ya vita. Porsche hakushitakiwa kwa hayo.

Kifungo chake kilitoka kwa Wafaransa. Desemba 1945 walimkamata pamoja na Ferry na Piëch kwa tuhuma za uhalifu wa kivita. Ferry aliachiwa mapema. Mzee alikaa ndani hadi Agosti 1947, sehemu ya muda huo katika gereza la Dijon, afya ikizidi kuzorota. Dhamana ililipwa kwa fedha za kazi ambayo Ferry na Louise waliipata kutoka kwa Piero Dusio, mwenye kampuni ya Cisitalia ya Italia: michoro ya gari la mbio.

Mzee aliporudi alikuta kijiji cha Gmünd, Austria, kimekuwa karakana. Ferry na mafundi waliokimbia mabomu ya Stuttgart walikuwa wakiunda gari dogo la michezo kwa vipuri vya Volkswagen. Liliitwa 356, na la kwanza liliruhusiwa barabarani Juni 8, 1948. Septemba mwaka huo Ferry alifunga na Volkswagen mkataba ambao ndio mhimili wa habari yote hii. Porsche ingelipwa takriban mark 5 kwa kila gari la wananchi litakalotoka kiwandani, ingepata vipuri, na ingetumia mtandao wa wauzaji wa Volkswagen. Magari hayo yalizidi milioni 21 kabla ya la mwisho kutoka Mexico mwaka 2003. Hata Afrika Mashariki yaliacha alama, yakishinda mbio za Safari, kwa mfano mwaka 1962.

Novemba 1950 Ferdinand alitembelea Wolfsburg na kuona gari lake likitoka kwa wingi. Muda mfupi baadaye alipatwa na kiharusi, akafa akiwa na miaka 75. Miezi mitano baada ya kifo chake, 356 ilishinda daraja lake huko Le Mans.

Mwaka 2008 kampuni ya Stuttgart ilijaribu kuimeza Volkswagen, ikazama katika madeni, na kufikia 2012 ikawa imemezwa yenyewe. Hisa za kampuni ya magari ya Porsche ziliingia sokoni Frankfurt mwaka 2022. Wazao wa Ferry na Louise, kupitia kampuni yao ya kushikilia hisa, ndio wenye zaidi ya nusu ya kura katika Volkswagen.