ERATOSTHENES WA KIRENE: MTU ALIYEIPIMA DUNIA KWA KIVULI



Mhariri amenitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri wa kale, ili vijana walio madarasani hivi sasa hapa Mugeta wapate la kujifunza. Huenda mlitegemea nimwandike mtawala au askari. Nimemchagua mtu wa hesabu, na sababu yake nitaieleza mwishoni. Si sababu ya kujivunia.

Eratosthenes alizaliwa Kirene, kaskazini mwa Afrika, katika nchi ambayo leo ni Libya, yapata mwaka 276 kabla ya Kristo. Kwa lugha na malezi alikuwa Mgiriki. Alisoma Athens, na alipofika umri wa miaka thelathini hivi, Mfalme Ptolemy wa Tatu wa Misri alimwita Alexandria. Huko alimfundisha mwana wa mfalme, tena akawa mkuu wa maktaba iliyosifika kuliko zote za zama zake. Aliandika juu ya nyota, mashairi, tarehe za historia, jiografia na hesabu. Watu walimpachika jina la utani Beta, yaani herufi ya pili, kwa kumwona kuwa ni wa pili katika kila fani na si wa kwanza katika yoyote. Dharau hiyo haikumzuia kufanya kazi.

Kazi yake kuu ilianzia kwenye kivuli. Alipata habari kwamba mjini Syene, ambao leo ni Aswan, adhuhuri ya siku iliyo ndefu kuliko zote mwezi Juni jua hukaa utosini kabisa, hata kijiti kilichosimikwa wima hakina kivuli. Kwetu Mugeta hali hiyo hutokea mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Lakini Alexandria, siku ile ile na saa ile ile, kivuli kilikuwapo. Ndani ya bakuli la saa ya jua, kivuli cha kijiti kilichukua sehemu moja ya hamsini ya duara zima.

Hapo ndipo alipotumia uwiano. Jua li mbali mno, hivyo miali yake hutufikia ikiwa sambamba. Kwa hiyo pembe ya kivuli ndani ya bakuli ni sawa na pembe iliyo kwenye kitovu cha dunia kati ya miji ile miwili. Tao dogo la bakuli na tao kubwa la ardhi ni maumbo yanayofanana. Jinsi kivuli kilivyo kwa duara la bakuli, ndivyo ulivyo mwendo wa Syene hadi Alexandria kwa mzingo wa dunia. Mwendo huo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Akazidisha kwa 50, akapata 250,000, na baadaye hesabu ikawekwa 252,000. Wataalamu bado wanabishania urefu wa stadia yake, na Syene haiko kusini barabara ya Alexandria. Hata hivyo njia yake ni sahihi. Ukipima kutoka kusini kwenda kaskazini, miji hiyo imetengana karibu kilomita 800. Mara 50 ni kilomita 40,000, na huo ndio mzingo wa dunia tunaoujua leo.

Aliandika pia juu ya Mto Nile, na katika maelezo yake yaliyohifadhiwa na Strabo yametajwa maziwa ya kusini. Nasi twajua kwamba maji ya Mto Mara, yanayoingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma, huelekea huko huko Aswan.

Alishughulika vilevile na fumbo la mchemraba. Inasimuliwa kuwa watu wa kisiwa cha Delos waliagizwa waiongeze madhabahu yao iwe mara mbili kwa ujazo, umbo likibaki lile lile. Ukizidisha kila upande kwa mbili, ujazo hauwi mara mbili, huwa mara nane. Eratosthenes alibuni chombo cha vibao vinavyoteleza, kinachotumia pembetatu zinazofanana kupata kipimo kinachotakiwa.

Uzeeni alipofuka. Inasimuliwa kwamba, aliposhindwa kusoma, alijinyima chakula hadi akafa, yapata mwaka 194 kabla ya Kristo, akiwa na miaka themanini hivi.

Sasa ile sababu. Miaka ya nyuma, nikiwa kazini, kijiji kimoja kiliomba tangi la maji la kuingiza mara mbili ya lile la zamani, lililokuwa na mita 2 kila upande. Mchoro ukaletwa mezani kwangu: mita 4 kila upande, na fedha mara mbili ya zile za kwanza. Niliona mbili kwa mbili, nikatia saini, nami nina shahada ya chuo kikuu. Tangi hilo lingeingiza mara nane, na sakafu na kuta zake zilidai matofali na saruji mara nne. Vifaa viliisha kuta zikiwa hazijafika nusu. Kina mama waliokuwa wamechanga fedha zao waliendelea kuteka maji mtoni. Kila nilipopita walinisalimia kwa heshima, nami nikaona haya. Kila upande ulihitaji mita 2.52 tu. Somo hilo nilifundishwa kidato cha pili, nikalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha nikalisahau.

Kwa hiyo, vijana wetu, tokeni nje na fimbo ya mita moja. Kivuli chake kikiwa nusu mita, na kivuli cha mlingoti wa bendera kikiwa mita 4, mlingoti una mita 8. Pimeni kwa mikono yenu wenyewe. Siku moja karatasi italetwa mezani kwenu, na watu wenye ndoo watakuwa wanaingoja saini yenu.